Tupeane uzoefu: nini hasa kilikufanya uchague nchi uliyohamia?

Mtanga wa Leipzig
Wakuu, mdogo wangu amemaliza stashahada ya uuguzi, ananiuliza aende wapi. Mimi moyo ulikuwa Uingereza, maana Kiingereza nilishakijua. Ila ada ya mwanafunzi mgeni kule ilipita pauni elfu kumi kwa mwaka, na huku Ujerumani chuo cha umma hakikunitoza ada. Nikaanza Kijerumani ukubwani. Mwaka 2018 ubalozi ulitaka euro 8,640 ziwe zimekaa benki ndipo nipate viza, nichote 720 kila mwezi. Sasa ni 11,904. Mzee aliuza kiwanja cha Pongwe. Nakumbuka akihesabu noti mkekani mara tatu, hasemi neno. Nyie mlipima nini?

Wa Kisauni
Kaka, mimi Doha, 2016. Hakuna aliyeniuliza akiba wala cheti cha lugha, wiki sita nikawa kazini. Asiye na kiwanja cha kuuza huenda mlango ulipo wazi. Kafala, yaani mfumo wa mwajiri kuwa mdhamini wako, niliijua nilipofika: mshahara ukachelewa miezi miwili, na kuhama kazi sharti mwajiri akupe barua. Pasipoti yangu ilikaa kwenye droo yake. Nilishapanga kurudi Mombasa. Mwaka 2020 Qatar ikafuta sharti la barua, nikahamia kampuni nyingine, na hadi leo nipo.

Mama Binti, Leeds
Nilikuja Uingereza 2023 kulea wazee, na mume na mtoto. Niliyesoma naye, vyeti vyake vilichelewa; kazi akaipata Aprili 2024, na tangu Machi mlezi haruhusiwi kuleta familia. Alikuwa ameshanunua masanduku. Akaghairi, hakuweza kumwacha mwanawe. Julai 2025 wakaacha kabisa kutoa viza mpya kwa walezi kutoka nje. Mwambie mdogo wako asikubali wakala amchanganye: viza ya muuguzi aliyesajiliwa ni habari nyingine, familia bado inaruhusiwa.

Mzenji
Kwetu ni Muscat tu. Mjomba alitangulia, akanipokea, kazi akanitafutia yeye. Sokoni Mutrah nanunua kwa Kiswahili. Uraia siutegemei, kwa hiyo kila riali inayobaki inajenga Fuoni.

Mtanga wa Leipzig
Ahsanteni sana. Dada wa Leeds, mdogo wangu ana mtoto wa miaka minne, usiku huu nampigia. Kuna aliyekuja Ujerumani kwa uuguzi? Kijerumani cha B2, kile kiwango cha juu ya wastani, kilikuchukua muda gani, na ulikisomea wapi?