Cloud Run, seva ya kukodi au jukwaa la bure: nianzie wapi?

Mwana_Rongai
Habari za jioni wakubwa. Nimeandika programu ndogo ya Python ya hesabu za chama chetu: nani ametoa, nani anadaiwa. Mpaka leo inaishi kwenye laptopu yangu, na mama mweka hazina ananiuliza kila Jumapili ataiona lini kwa simu. Nataka kuirusha hewani, na kazi yenyewe niijue. Tuko watu 40 hivi. Mnanishauri vipi?

Fundi_wa_Seva
Kodi seva ya Linux. DigitalOcean wanaanzia dola 4 kwa mwezi na bili haikushtui. Utaweka Nginx, programu ya kupokea wageni wa tovuti, kwa mkono, utatafuta cheti cha HTTPS cha kulinda mawasiliano, utalia kidogo. Ukitoka hapo hakuna jukwaa litakalokutisha.

Binti_Githurai
Fundi, huyu ana chama, hafungui kampuni ya intaneti! Nani ataisasisha hiyo Linux kila mara?

Cloud Run ni huduma ya Google: unafunga programu ndani ya kontena, yaani kifurushi chenye kila inachohitaji, unawakabidhi, basi. Maombi milioni 2 ya kwanza kila mwezi ni ya bure, na isipotumika inalala bila kukulipisha. Chagua kituo cha Johannesburg, kipo tangu 2024.

Lakini nikuambie nilipoumia, na makosa yalikuwa yangu. Programu lazima isikilize poti, yaani namba ya mlango wa kupokea maombi, inayopewa kupitia kigezo cha PORT, kwa kawaida 8080. Mimi niliacha 5000 kama kwenye laptopu, Jumamosi nzima ikaisha. Kubwa zaidi: usiweke data kwenye SQLite, hifadhidata ya faili moja, ndani ya kontena. Kontena ikizimwa, faili inaenda nayo. Nilipoteza orodha nzima ya wateja wa saluni ya dada yangu, na mpaka leo ananikumbusha. Tumia Firestore, hifadhidata ya Google iliyo nje ya kontena, kwa siku unasoma mara 50,000 na kuandika mara 20,000 bila kulipa.

Kijana_wa_Paybill
Mimi nilianza na jukwaa la bure, jina silitaji. Halikutaka kadi, kweli. Ila robo saa ikipita bila mgeni linalala, na kuliamsha ni karibu dakika nzima.

Anayefungua ukurasa atavumilia. M-Pesa haivumilii. Mwanachama akilipa Paybill kwa simu yake, Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha M-Pesa na programu, inatuma taarifa kwenye anwani yako papo hapo, na seva iko fofofo. Pesa imeingia, daftari linasema hajalipa. Niliitwa mwizi kwenye kikundi cha WhatsApp, mbele ya shangazi zangu.

Fundi_wa_Seva
Ndiyo nasema, seva yako hailali.

Binti_Githurai
Cloud Run huamka kwa sekunde chache, kaka. Ukitaka isilale kabisa, weka nakala 1 iwe macho muda wote, lakini hiyo utailipia.

Mzee_wa_Terminali
Mwana_Rongai, jambo moja. Ile bajeti unayoweka Google haizimi kitu, inakutumia barua pepe tu. Usilale ukidhani ni breki.

Mwana_Rongai
Asanteni sana. Naenda Cloud Run na Firestore. Fundi, nitakodi pia hiyo ya dola 4 mwezi mmoja, nilie kidogo. Sasa mama mweka hazina anauliza: itafungua kwenye kabambe, zile simu za vitufe zisizo smartphone? Nusu ya akina mama ndizo wanazo.

Kijana_wa_Paybill
Hapo ni USSD, zile menyu za kubonyeza nyota na reli, ndugu. Fungua uzi mwingine, na uje na chai.