Jaguar XJ6 ya 1984 au Rover P5B ya 1971: ipi inafaa hapa Mombasa?

Mtudor
Assalaam aleikum wadau. Jaguar XJ6 Series III, 4.2 otomatiki, inauzwa Nyali. Rover P5B iko Kizingo. Zote zang'aa, ngozi ya viti haijapasuka, bei zakaribiana. Ni gari ya wikendi tu. Nichukue ipi?

Spana_Mikindani
Wa aleikum salaam. Rangi isikuzuge, chumvi ya bahari hula gari kutoka ndani. Kwa Jaguar anzia nyuma. Ina matangi mawili ya petroli, kila fenda ya nyuma lake, na pale pa kujazia mafuta pana tundu dogo la kutolea maji ya mvua. Likiziba, maji hukaa karibu na tangi, nalo huoza chini pasipoonekana. Fungua buti unuse. Kisha endesha kwa tangi moja, badilisha swichi, endesha kwa la pili. Muuzaji akisema "tumia la kushoto tu", umeshajua.

Chukua sumaku, ifunge kitambaa, ipitishe kandokando ya kioo cha mbele, matao ya magurudumu ya nyuma na chini ya milango. Isiposhika hapo ni puti, ile plasta ya kuzibia bodi. Halafu ingia chini utazame boriti ya mbele inayobeba injini. Hiyo ikiwa imeoza, aga urudi nyumbani.

Bi_Boneti
Ongeza breki za nyuma: haziko magurudumuni, ziko ubavuni mwa difu. Sili ya difu (mpira wa kuzuia oili) ikivuja, oili humwagikia diski, na joto la diski nalo huzidi kuiunguza sili. Fundi wengi hushusha mhimili mzima ndipo wabadilishe diski, kwa hiyo ukiambiwa "breki mpya" ingia na tochi uone mwenyewe.

Injini ni imara, lakini hedi ni aluminiamu na bloku ni chuma. Matope ya kutu hutuama kwenye silinda za nyuma, upande wa dashibodi, na stadi (bolti) ndefu za hedi hupita ndani ya maji. Zikiliwa, hukatika siku ya kufungua hedi. Ipandishe kilima cha Mazeras, kisha iache ingurume imesimama dakika kumi, AC imewashwa. Sindano ya joto isiendelee kupanda. Injini ikiwa moto, presha ya oili itafutwe karibu psi 40 kwenye mizunguko 3000.

KizingoV8
Mimi ni wa Rover. V8 ya 3528 cc, aluminiamu tupu, asili yake Buick, na ndiyo familia ya injini iliyoingia Range Rover, kwa hiyo fundi wanaijua. Adui wake ni maji ya bomba: weka kulanti, maji maalumu ya kupoza injini, yenye kizuia kutu. Oili ikicheleweshwa kubadilishwa, kamshafti hulika, utasikia tiki-tiki juu. Kutu itafute kwenye kingo za bodi chini ya milango na pale springi za majani za nyuma zinaposhika bodi. Kasoro yake ni mapambo: kromu na mbao ikikosekana, utatafuta mpaka uchoke.

Mtudor
Na Rolls-Royce Silver Shadow ya miaka ya sabini, bei imeshuka sana?

Bi_Boneti
Imeshuka kwa sababu ya haidroliki, mfumo wa mafuta yenye presha unaoendesha breki. Washa injini mpaka taa za onyo za breki kwenye dashibodi zizime, zima injini lakini swichi ibaki imewashwa, ukanyage pedali ukihesabu. Taa ikiwaka kabla ya mara kumi, akumuleta, vyombo vya kuhifadhi presha, zimechoka. Gari hizi zinataka mafuta ya RR363, si mafuta ya breki ya dukani. Mtu akishatia hayo ya duka, sili zote ni za kuuliza.

Spana_Mikindani
Kwa matumizi yako, Rover, kingo za chini ya milango zikiwa hazina kutu. Jaguar nitaichukua tu kama boriti ni safi. Lakini kabla ya pesa, linganisha namba ya injini na chasisi dhidi ya logbuku. Nyingi za zamani zimebadilishwa injini ya Kijapani kimyakimya, na uhamisho wa umiliki kwa NTSA, mamlaka ya usafiri, utakwama hapo. Wala usifikirie kuagiza nyingine nje, kanuni ya kutoingiza gari lililozidi miaka minane imefunga mlango. Ni hizi zilizomo nchini tu.