Karakana ya bodi za magari Ndeeba, Kampala: nianze na vifaa vya mkono au mashine?

Bati_Ndeeba: Wakuu, naomba ushauri. Karakana ni ndogo, kazi nyingi ni milango na madigadi ya Premio na Noah. Ninunue kompresa ya lita 24 na mashine ya msasa ya upepo, au seti kamili ya vifaa vya mkono? Umeme hukatika mara kwa mara.

FundiBodi: Achana na kompresa hiyo. Mashine ya msasa hula hewa mfululizo. Tangi la lita 24 linaishiwa presha upesi, unabaki kusubiri huku mota ikichemka.

Anza na nyundo mbili, ya uso bapa na ya ncha, vyuma vitatu vya kuegemeza nyuma ya bati, faili, na ubao mrefu wa msasa. Bati la mlango lina kama milimita 0.7 tu. Egemeza chuma chini ya bonde, yaani palipobonyea, nyundo ipige kingo zilizovimba kulizunguka. Ukigonga sana bati likiwa limebanwa kati ya nyundo na chuma, linatanuka, kisha linabonyea na kurudi kama debe.

Mashine moja tu ya kuanzia: grinda ya inchi 4½, ya kutoa rangi na kutu. Funga diski ya msasa namba 80, usifunge jiwe, na usiitulize sehemu moja. Bati likigeuka bluu limeshapikwa, litakunjamana.

Bati_Ndeeba: Na puti, ile ya kujazia mabonde kwenye bati? Si grinda itaisawazisha haraka?

Rangi_Safi: Hapana ndugu yangu, itachimba mawimbi, na kwenye gari jeusi kila mtu atayaona. Puti isizidi milimita 3. Hadena, dawa ya kuigandisha, ni kama gramu 2 kwa gramu 100 za puti. Ikizidi, inagandia kwenye kibao cha kuchanganyia, na doa lake linaweza kupenya hadi juu ya rangi.

Piga msasa mkavu kwa ubao: 80, 180, 320. Kabla ya 180 puliza rangi nyeusi nyepesi mno. Panapobaki weusi ni bonde. Na tafadhali, maji yasiguse puti! Inayanyonya, kutu inaanza chini yake, malengelenge yanafuata.

FundiBodi: Naunga mkono. Vaa miwani na barakoa, vumbi la puti ni baya. Siku ya kununua kompresa kwa kupulizia rangi, tafuta tangi la lita 100 kwenda juu, na usisahau kichujio cha maji kwenye mpira wa hewa.