DNA ya mitokondria na ile ya kiini zinapotofautiana kuhusu wanyama walewale, tuamini ipi?

Mwanafunzi_Ubungo

Ndugu wanajukwaa, naomba msaada wenu. Ninaandaa kazi ya mwaka wa mwisho hapa Dar es Salaam kuhusu wanyama wanaohama makundi waliyozaliwa, na nimekwama. Nimesoma kwamba kwa mamalia wengi dume ndiye anayeondoka na jike hubaki, kwamba kwa ndege wengi huwa kinyume chake, na kwamba sokwe mtu wa Gombe na Mahale, hifadhi za magharibi mwa Tanzania, wanafanana na ndege katika jambo hili. Hayo nimeyaelewa. Kinachonitatiza ni vipimo: sampuli zilezile zikipimwa DNA ya mitokondria, yaani vile vijisehemu vya seli vilivyo nje ya kiini vinavyoipa seli nguvu, zinaonyesha makundi mawili yaliyotengana kabisa, lakini zikipimwa DNA ya kwenye kiini cha seli zinaonyesha makundi yanayochanganyika. Tuamini kipimo kipi?

Fundi wa Maabara

Viamini vyote viwili, kwa sababu kila kimoja kinajibu swali lake. Mitokondria hurithiwa kwa mama, kama ukoo wa Waluguru unavyofuata upande wa mama: dume anayo, lakini watoto wake hawaipati kwake. Simba dume wa Serengeti akifukuzwa kwao angali kijana, akazurura hadi akapata nguvu ya kutwaa kundi la mbali, mitokondria yake itakufa pamoja naye huko ugenini, ilhali jeni zake za kwenye kiini zitaingia kwa kila mtoto atakayemzaa. Vizazi vikipita, majike wa kila eneo wanabaki na alama zao za uzazi wa mama, na jeni nyingine zote zimekwisha kuchanganywa na madume wageni.

Kwa sokwe mtu geuza hesabu, na uiangalie kromosomu Y, ambayo dume huipata kwa baba yake. Nchini Uganda watafiti waliopima jamii za sokwe zilizo jirani walikuta kromosomu Y zikitofautiana sana kati ya jamii moja na nyingine, ilhali mitokondria zilikuwa zimeenea bila mipaka hiyo, jambo unalolitarajia pale ambapo madume hubaki na baba zao na majike ndio wanaovuka mpaka. Gombe yenyewe, hata hivyo, usiitumie kama mfano safi. Ni hifadhi ndogo iliyozungukwa na makazi na mashamba, jamii za sokwe ni chache, na kiasi cha nusu ya majike huzaa katika jamii walimozaliwa.

Mhadhiri Mstaafu

Ndugu yangu amejibu vizuri, lakini tofauti kati ya vipimo hivyo viwili haitoshi kuwa ushahidi kwamba jinsia moja inahama zaidi. Chukua jike mmoja na dume mmoja: kwa jumla wana nakala nne za kila jeni ya kiini, mbili kila mmoja, lakini mitokondria inayoweza kurithiwa ni ya jike peke yake. Kwa hiyo bahati ya urithi, ambayo hufuta baadhi ya aina za jeni na kueneza nyingine bila sababu yoyote, huitikisa mitokondria kwa nguvu zaidi. Hata jinsia zote mbili zikihama sawasawa, mitokondria itaonyesha utengano mkubwa kuliko kiini. Nimeona kazi nyingi za wanafunzi zikianguka hapa.

Njia ya kuaminika zaidi ni kutumia jeni zilezile za kiini, kisha kuwapima madume peke yao na majike peke yao. Jinsia inayobaki itakuwa na ndugu wengi ndani ya kundi na tofauti kubwa kati ya makundi. Inayohama itakuwa kinyume. Wapime wanyama waliokomaa tu, yaani waliopita umri wa kuhama, kwa sababu watoto wa jinsia zote mbili bado wako kwa mama zao na wataficha tofauti unayoitafuta.

Baharini_Kigamboni

Niongeze habari ya papa mweupe. Mwaka 2001 vipimo vilionyesha kwamba mitokondria za papa wa Afrika Kusini zilitofautiana sana na za wale wa Australia na New Zealand, lakini jeni za kiini hazikuonyesha utengano huo, na ikaonekana kwamba madume huzurura na majike hutulia. Kisha jike mmoja, aliyepewa jina la Nicole, akafungwa kifaa cha setilaiti Afrika Kusini mwishoni mwa mwaka 2003. Aliogelea hadi Australia na kurudi, safari ya zaidi ya kilomita 20,000 katika muda usiotimia miezi tisa. Vipimo havikuwa vimedanganya: vinaandika mahali mnyama alipozaa, si kila alipopita.

Mwanafunzi_Ubungo

Nawashukuru sana, na shikamoo Mhadhiri. Nina swali la mwisho: wanyama nitakaowapima ni tembo, na sitaruhusiwa kuwadunga sindano ili kupata sampuli. Je, kinyesi kinatosha, na nitajuaje jinsia na umri wa aliyekiacha?

Mhadhiri Mstaafu

Marahaba. Kinatosha, kikiwa kibichi. Usichimbe katikati ya bonge. Kwangua ule utando unaong'aa juu yake, kwa maana ndiko ziliko seli zilizobanduka kwenye utumbo, kisha uzitie mara moja kwenye kichupa chenye dawa ya kuhifadhi. Jinsia itatambuliwa maabara kwa jeni zilizo kwenye kromosomu X na Y. Kwa umri, pima kipenyo cha bonge kabla ya kuligusa, kwani mabonge hukua kadiri tembo anavyokua, nawe utaweza kuwaweka kando wadogo. Tembo dume huiacha familia ya mama yake akiwa na miaka kumi na kitu, kwa hiyo panga kipimo chako cha chini juu ya hapo, na uandike kipenyo hicho kwenye kila kichupa.