Zahanati ng'ambo ya mto Pangani: tuombe ruzuku ya ubalozi, fedha za maboma, au huduma ya mkoba?

Katibu wa Kamati (Pangani)
Ndugu zangu, asalaam aleikum. Naandika kwa niaba ya kamati ya afya ya kijiji chetu, kilichopo kusini mwa mto Pangani. Kwa michango ya wananchi tumesimamisha boma la zahanati hadi kwenye linta, na hapo nguvu zimetuishia. Mama akishikwa na uchungu usiku hupakiwa kwenye bodaboda mpaka kijiji cha Bweni, upande wetu wa mto, kisha husubiri pantoni ndipo avuke kwenda hospitali ya wilaya.

Tumefikiria njia tatu: kuomba ruzuku ya miradi midogo ya jamii inayotolewa na ubalozi wa Japani, kungoja fedha za serikali za kukamilisha maboma kupitia halmashauri, au kuungana na asasi ya kiraia itafute fedha za huduma ya mkoba, ili muuguzi aje kila mwezi kwa chanjo na kliniki ya wajawazito. Naomba wenye uzoefu mtulinganishie.

Mhasibu Mstaafu (Muheza)
Ndugu Katibu, nianze na hiyo ya Japani, kwa kuwa nilipata kushughulikia maombi yake nikiwa kazini. Wakati huo kiwango chake cha kawaida kwa mradi mmoja kilikuwa hadi yeni milioni 10, nazo ni fedha za kujengea na kununulia vifaa. Mishahara, dawa na mafuta ya gari havimo. Haombi mtu binafsi, bali taasisi isiyotafuta faida, kama halmashauri, hospitali au asasi iliyosajiliwa, kwa hiyo nawashauri mpitie halmashauri. Kila kitu, kuanzia bati hadi kitanda cha kujifungulia, huombewa nukuu za bei za wauzaji watatu, na wengi hukwama hapo hapo, kwa sababu fundi wetu huandika bei kwenye karatasi ya daftari na kuona kazi imekwisha.

Kuhusu maboma, miaka ya karibuni serikali imekuwa ikipeleka shilingi milioni 50 kwa boma moja la zahanati. Hutosha kupaua na kumalizia iwapo boma limefuata ramani ya serikali. Lililojengwa kwa kukadiria kwa macho, kama ilivyo desturi yetu watu wa pwani, mhandisi anaweza kuagiza livunjwe upande mmoja. Lenu lilifuata ramani?

Bi Muuguzi (Korogwe)
Shikamoo Mzee wangu. Hesabu zako sina la kuzipinga, ila mmesahau atakayelala hapo. Kituo cha kwanza nilichopangiwa kilikuwa na jengo jipya na vifaa vizuri, lakini nyumba ya mtumishi haikuwepo. Nilipanga chumba kilomita saba kutoka kazini, na akina mama waliokuja usiku walikuta kufuli. Baada ya mwaka nikaomba uhamisho, na aliyenifuata naye akaondoka. Kwa hiyo mkiandika andiko, nyumba ya mtumishi iwe ndani yake tangu ukurasa wa kwanza, hata kama itabidi chumba kimoja cha zahanati kisubiri.

Mkoba nao msiudharau, maana kwa chanjo na vipimo vya wajawazito unafanya kazi kubwa. Tatizo ni kwamba uchungu haungoji tarehe ya mkoba. Kwa dharura ya usiku, ulizeni kama madereva wa kijiji chenu wameandikishwa katika m-mama, mpango wa usafiri wa dharura kwa wajawazito. Simu ya 115 ni ya bure, na dereva wa jamii hulipwa kwa safari aliyompeleka mgonjwa. Hili halihitaji andiko lolote la mradi.

Mwana wa Mkinga
Mimi nimejitolea katika asasi kwa miaka minne, na kwa moyo mweupe nasema njia ya tatu ndiyo dhaifu kuliko zote ikiwa itasimama peke yake. Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, mradi wetu ulifungwa katika muda wa siku chache. Pikipiki za mkoba zikabaki chini ya mwembe, na wajawazito waliokuwa wameandikiwa tarehe za kliniki hawakupewa hata taarifa. Isitoshe, mkataba wa ufadhili unaozidi shilingi milioni 20 asasi hutakiwa kuuwasilisha kwa Msajili wa asasi hizo, jambo ambalo ni la haki kabisa, lakini linahitaji mtu wa kufuatilia makaratasi.

Heri mkoba uingizwe katika mpango wa mwaka wa zahanati iliyo karibu nanyi. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, unaochangiwa na wafadhili, huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na kamati ya kituo ina sauti katika matumizi yake. Mjumbe wenu mmoja akikaa katika kamati hiyo wakati wa kupanga bajeti, mafuta ya pikipiki ya muuguzi yanaweza kupatikana bila kumlilia mfadhili.

Mhasibu Mstaafu (Muheza)
Marahaba, Bi Muuguzi. La nyumba umenishinda. Katibu, basi boma liacheni kwa halmashauri, na ubalozi muuombe nyumba ya mtumishi na vifaa vya kujifungulia. Msiombe jengo lile lile pande mbili, kwani mkaguzi akiligundua mtapoteza zote.

Katibu wa Kamati (Pangani)
Nawashukuru. Boma tulilifuatishia ramani, isipokuwa chumba cha kujifungulia tulikipunguza kwa kukosa matofali, na sasa naona aibu kuliandika hilo. Alhamisi nakwenda halmashauri kumwomba mhandisi aje akipime kabla hatujaandika chochote, na wakati huo huo nitapeleka majina ya madereva watatu kwa ajili ya 115. Kuhusu kiwanja cha nyumba ya mtumishi, mzee mmoja ameahidi eka moja jirani na boma, lakini kwa mdomo tu. Je, muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji unatosha, au ubalozi utataka hati?

Mhasibu Mstaafu (Muheza)
Usitegemee mdomo. Mzee na wanawe watie saini mbele ya mkutano, muhtasari upigwe muhuri wa kijiji, kisha muulize ofisi ya ardhi ya wilaya kabla ya kupeleka maombi.