Shogun alikuwa mtawala wa Japani toka mwanzo au?

chalii_wa_kijenge:
Oya wakuu, hapa kijiweni kuna mshkaji anakesha na magemu ya samurai, anatuambia shogun ndo alikuwa anatawala Japani toka enzi na enzi, mimi nasema mtawala ni mfalme, shogun ni jenerali tu. Nani yuko sahihi?

mzee_wa_pasua:
Mdogo wangu inategemea unaongelea miaka ipi. Mwanzoni shogun alikuwa kama kibarua wa kuchuma kahawa, msimu ukiisha na yeye kwaheri. Mcheki Sakanoue no Tamuramaro, 797 alipewa cheo cha seii taishogun, yaani jemadari mkuu wa kwenda kuwapiga Waemishi, watu waliokuwa hawamtii mfalme, kaskazini mashariki mwa Honshu, kisiwa kikuu cha Japani. 801 mfalme akamkabidhi upanga wa mamlaka na mwaka huohuo vita ilipotulia akaurudisha, hamna cha kukaa nao nyumbani. 802 kiongozi wa Waemishi, Aterui, akajisalimisha kwake na watu kama 500, Tamuramaro akamwombea asiuawe, wakubwa wa Kyoto, mji mkuu wa mfalme, wakagoma, wakamuua. Sasa mtawala gani huyo anaomba anakataliwa??

mama_k_njiro:
Naongezea, kulikuwa na chinjufu shogun pia, kamanda wa ngome ya mpakani hukohuko, jimbo la Mutsu, huyo alikuwepo hata kusipokuwa na vita. Halafu 939 mbabe mmoja wa mikoani, Taira no Masakado, kaasi na kujiita mfalme mpya, 940 Kyoto wakamteua Fujiwara no Tadabumi, mzee wa miaka karibu 70, aongoze jeshi, kabla hajafika Masakado kashauawa na wababe wa hukohuko mikoani 😂 na hao ndo samurai wenyewe walikotokea.

chalii_wa_kijenge:
Shukrani mama. Sasa nani alikifanya kiwe cheo cha kutawala?

mzee_wa_pasua:
Minamoto no Yoritomo, 1192, akiwa Kamakura, mji wa mashariki mbali na Kyoto. Ila nguvu alikuwa nazo tayari, toka 1185 alishaanza kuweka watu wake mikoani, shugo wa ulinzi na jito wa mashamba na kodi, cheo kilikuja juu yake tu. Na mfalme alikuwepo Kyoto muda wote. Ajabu ni kwamba Yoritomo alivyokufa 1199 wanae wakarithi ila ukoo wa mkewe, kina Hojo, wakashika usukani, mwanae Sanetomo alivyouawa 1219 wakaenda kuchukua katoto Kyoto kaje kuwa shogun, wao wakaendelea kutawala kwa nyuma.