MacBook Air ya M1 iliyokwishatumika: inafaa kwa mwalimu?

Swali
Habari zenu wanajamvi. Ninafundisha sekondari na kila siku hupanda daladala nikiwa na kompyuta mpakato inayoniumiza bega, hivyo ninafikiria kununua MacBook Air ya Apple yenye chipu ya M1, ile ya mwaka 2020, iliyokwishatumika. Naomba wanaoifahamu wanieleze uzuri na udhaifu wake.

Jibu la kwanza
Mwalimu, heshima yako. Kwa uzito wa kilo 1.29 bega litapumzika, na kwa kuwa haina feni, haipigi kelele hata kidogo. Betri yake, ikiwa bado nzima, humaliza siku ya kazi, jambo lenye maana kubwa umeme unapokatika. Hata hivyo, ina matundu mawili tu ya USB-C, yote upande wa kushoto. Niliwahi kusimama mbele ya darasa nikiwa na waya wa projekta mkononi na pa kuuchomeka hakuna, kwa sababu adapta niliisahau nyumbani.

Jibu la pili
Naongezea kwamba RAM yake, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, haiongezeki baada ya kununua, kwa hiyo ukichukua ya GB 8 utabaki nayo. Kazi nzito za muda mrefu, kama kuhariri video, huipasha joto hadi ikapunguza kasi yenyewe. Kabla ya kulipa, kagua hali ya betri kwenye mipangilio, na uhakikishe muuzaji ameondoa akaunti yake ya iCloud, ile ya Apple, la sivyo kompyuta inaweza kukufungia na utakuwa umenunua sinia.

Muuliza swali
Nashukuru sana. Kazi yangu ni maandishi na majedwali ya alama tu, kwa hiyo GB 8 zitanitosha. Adapta nitaifunga kwenye mkoba kwa kamba.